Kina cha Bahari Chini ya Garissa

Mji wa Garissa uko karibu mita 150 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, mawe ya chokaa ya Mandera yamejaa visukuku vya wanyama wa baharini wa enzi ya Jurasiki, na watafuta mafuta waliotoboa Bonde la Lamu katika miaka ya 1960, Walu, Dodori na Garissa kwenyewe, walipita katika matabaka yaliyowekwa na maji ya chumvi. Kwamba bahari ilifika huku si swali tena. Toleo hili linauliza kina chake.

Shahidi wetu ni foraminifera, viumbe vya seli moja vyenye magamba, vingi vidogo kama punje ya mchanga. Baadhi huelea, vingine huishi sakafuni. Kadiri uendavyo mbali na ufuo, ndivyo magamba ya vile vinavyoelea yanavyozidi topeni. Mwaka 1990 mtafiti van der Zwaan na wenzake waliitungia hali hiyo kanuni: yakiwa asilimia 10 ya magamba yanayohesabiwa, kina ni mita 50 hivi, asilimia 50, mita 210, asilimia 90, mita 870.

Tarakimu hizi zinavutia, na hapo ndipo ninapoomba tahadhari. Magamba ya vinavyoelea huyeyuka upesi. Yakipotea, bahari huonekana yenye kina kidogo kuliko ilivyokuwa. Tena kisima cha mafuta kwa kawaida hutoa chengachenga za mwamba, na za juu huporomoka zikachanganyika na za chini. Mtu anaweza kuhesabu kwa uaminifu wote, akapima kina cha bahari mbili kwa mpigo.

Huko Kilwa na Lindi, Tanzania, dawa ya tatizo hilo ilipatikana. Mradi wa kisayansi wa miaka ya 2000 ulitoa huko nguzo nzima za udongo, tabaka juu ya tabaka, na magamba yake yangali angavu kama kioo. Nasi tunahitaji kisima cha namna hiyo, kisichotafuta mafuta, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa wakae wao kwenye hadubini. Jambo hili linagusa hata maji ya kunywa: wakazi wa Dadaab na Habaswein hunywa maji ya hazina ya chini ya ardhi ya Merti, matamu katikati na ya chumvi pembezoni. Anayetaka kujua chumvi hiyo imetoka wapi hana budi kujua kwanza tabaka lipi liliwekwa na mto, na lipi na bahari.