Bwana Shamba Asema: Soma Ardhi, Soma na Mkataba

Mkulima hachagui shamba kwa kutazama majani tu. Huchimba udongo auone. Huuliza maji hupita wapi wakati wa masika. Kupanga nyumba ni vivyo hivyo. Mwezi huu tutazame mji wa mbali ambako jambo hili linaonekana wazi. Mji huo ni Charleston, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani.

MJI ULIOJENGWA KWA MPUNGA

Charleston ni mji wa pwani. Waingereza waliuanzisha mwaka 1670. Miaka 10 baadaye waliuhamishia mahali ulipo sasa, kati ya mito miwili, Ashley na Cooper.

Utajiri wa mji huo ulitokana sana na mpunga. Lakini matajiri hawakushika jembe. Waliolima ni Waafrika waliouzwa utumwani. Baadhi yao walitoka Afrika Magharibi, katika nchi za wakulima wa mpunga, wakijua kujenga matuta na kuongoza maji. Walichimba mifereji katika vinamasi vya mito. Jasho lao ndilo lililojenga majumba ambayo watalii huyatazama leo. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865.

Tangu mwaka 1931 majumba hayo ya kale yanalindwa kwa sheria ya mji. Mengi ni membamba, upana wake ni chumba kimoja. Ubavuni yana baraza ndefu ya kupata upepo. Siku hizi majumba mengi yamegawanywa. Mpangaji mmoja hukaa chini, mwingine hukaa ghorofani. Wapangaji ni wanafunzi wa chuo, watumishi wa hoteli na hospitali, na wageni wengine.

KWANZA, SOMA ARDHI

Uzuri wa nyumba usikufumbe macho. Sehemu kubwa ya mji huo zamani ilikuwa vijito na vinamasi. Watu walivijaza udongo na takataka, wakajenga juu yake. Mtaa wa Market, wenye soko maarufu, ulikuwa kijito.

Lakini maji hayasahau njia yake. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, maji hupanda kupitia mifereji iliyo chini ya barabara. Hutokea hata siku ya jua kali. Mvua kubwa ikinyesha wakati huo, maji ya mvua hayana pa kwenda. Tena usawa wa bahari hapo umepanda kwa zaidi ya futi 1 katika miaka 100. Mwezi Septemba 1989 kimbunga kiitwacho Hugo kilipiga pwani hiyo na kuharibu nyumba nyingi.

Kwa hiyo mpangaji mwenye busara huuliza kabla ya kulipa. Je, maji yamewahi kuingia humu ndani? Yalifika wapi? Hutazama alama za maji ukutani. Hunusa kama kuna ukungu. Huenda kuiona nyumba siku ya bamvua. Huuliza pia jirani, kwa sababu jirani hangojei kodi.

Iko bima ya vyombo vya mpangaji. Lakini bima ya kawaida hailipi hasara ya mafuriko. Bima ya mafuriko ni nyingine. Mpango wa serikali ya Marekani humlipa mpangaji hasara ya vyombo vyake hadi dola 100,000. Kwa kawaida bima hiyo huanza kazi baada ya siku 30. Basi haifai kuikimbilia wakati kimbunga kiko njiani.

Jambo jingine ni rangi. Nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 huenda zina rangi yenye madini ya risasi. Vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Sheria humtaka mwenye nyumba aseme anachokijua juu ya rangi hiyo kabla mpangaji hajatia sahihi.

PILI, SOMA MKATABA

Mpangaji hulipa kodi, na hutoa pia amana. Amana ni fedha ya kulipia uharibifu ukitokea. Akihama na kuidai, sheria ya jimbo hilo yasema arudishiwe ndani ya siku 30. Ni lazima aache anwani yake mpya kwa maandishi. Mwenye nyumba akikata fedha yoyote, aandike sababu zake. Kwa hiyo siku ya kuingia, mpangaji aorodheshe kila ufa na kila kioo kilichovunjika, na apige picha. Asiye na maandishi atabaki na maneno matupu.

Lipo neno moja kali katika mikataba mingi ya jimbo hilo. Lasema kwamba kodi ikichelewa siku 5, mwenye nyumba anaweza kuanza kumtoa mpangaji, na kwamba maandishi hayo ndiyo onyo lenyewe. Hapewi barua nyingine. Aliyetia sahihi bila kusoma hajui kwamba ameshaonywa! Hata hivyo, mwenye nyumba haruhusiwi kubadili kufuli na kumfungia mpangaji nje. Ni lazima apitie mahakamani.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walitangaza hesabu za mwaka 2016. Katika miji mikubwa ya Marekani, ulioongoza kwa kuwatoa wapangaji ni North Charleston, jirani wa Charleston. Katika kila nyumba 100 za kupanga, zaidi ya 16 zilitolewa amri ya kuhamishwa mwaka huo mmoja. Wakati huo watu weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi wa mji huo. Miongoni mwao wamo wajukuu wa wale waliochimba mifereji ya mpunga.

Ndugu msomaji, karatasi ina nguvu, iwe Charleston au kijijini kwako. Umejifunza kusoma. Basi usiharakishwe kuweka dole gumba wala sahihi. Mtu akikuambia, "Weka tu sahihi hapa," mjibu kwa upole, "Ngoja kwanza nisome."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maji hujaa mitaani Charleston hata siku isiyo na mvua?
2. Mpangaji aandike nini siku ya kuingia katika nyumba?
3. Katika kijiji chenu, ni watu gani waliojenga mahali palipokuwa njia ya maji? Mnaweza kuwashauri nini kabla ya masika?