Namba za Mkono Katika Waraka Mama
Ofisi nyingi za wasanifu majengo Marekani na Kanada haziandiki maelezo ya kiufundi ya ujenzi kuanzia ukurasa mtupu. Zina waraka mama, na kila mradi mpya huanza kwa kufuta yasiyohusika. Mfumo wa MasterFormat wa kupanga maelezo hayo, uliotanuliwa mwaka 2004 kutoka migawanyo 16 hadi 50 (mingine imeachwa wazi kwa ajili ya siku za mbele), huiweka zege kwenye namba 03, na kila sehemu ina vipande vitatu: mambo ya jumla, bidhaa, utekelezaji. Mpangilio mzuri. Balaa ni yule aliyechapa 2.1, A, 1, a kwa mkono, kisha akasogeza mistari kwa kitufe cha nafasi mpaka ikamridhisha macho. Ukifuta aya moja ya nondo, zilizo chini yake zinabaki na namba za zamani, na ukizirekebisha bila kugusa kifungu kinachosema “tazama 2.3”, kifungu hicho kinampeleka mkandarasi kwenye jambo jingine kabisa. Hilo si suala la urembo: maelezo haya ni sehemu ya mkataba, na mkandarasi anayewinda malipo ya ziada huyasoma kwa makini kuliko aliyeyaandika. Word ina dawa tangu zamani: mitindo ya aya iliyofungwa kwenye orodha ya ngazi nyingi, namba zikajipanga zenyewe. Marejeo ya ndani, lakini, husubiri ubonyeze F9, na wengi hawajui. Kazi ya kutunza waraka mama ningemkabidhi mtu mmoja tu. Wengine wote wangepewa nakala.