Kimea si cha lutuku tu: mtoto naye apate sehemu yake



Siku ya jua kali, ukipita nyuma ya nyumba zetu, utaona mikeka imetandazwa mahindi yaliyoota, kila punje na mkia wake mweupe. Hakuna anayeuliza ni ya nini. Ni kimea cha lutuku. Kazi hiyo hatukufundishwa kwenye semina. Tumewaona mama zetu wakiloweka, wakifunika, wakingoja, wakianika, wakitwanga.

Katika kikundi chetu tulikaa tukajiuliza: kama tunajua kuotesha punje kwa ajili ya pipa, juu ya nini hatuoteshi kwa ajili ya sahani ya mtoto? Mama mmoja alicheka, akasema: «Kumbe munataka kutufundisha kitu tunakifanya kila juma?» Alisema kweli. Maoni yetu ni haya: ujuzi tuko nao tayari. Tuupeleke pia jikoni.

Punje iliyoota inafanya kazi gani

Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo. Uji mzito unamshinda kumeza, basi mama anaongeza maji. Tumbo linajaa, lakini limejaa maji, unga ni kidogo. Kesho tunasema mtoto anakula vizuri lakini haongezeki kilo.

Punje ikianza kuota, inatengeneza ndani yake kitu kinachovunja wanga. Ndicho kinachofanya kazi kwenye pipa la lutuku. Kitu hichohicho, kijiko kidogo cha unga wa kimea, kinalainisha sufuria ya uji mzito bila kuongeza maji. Mtoto anakunywa kwa urahisi, na unga wote unaingia tumboni. Wenzetu wa Tanzania walilitambua jambo hili zamani. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya huko walihimiza unga wa kimea kwa uji wa watoto.

Kunde na choroko nazo zinafaa kuoteshwa. Kunde kavu haina vitamini C ya kusema. Ikiota inaipata, na vitamini hiyo inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika chakula. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, jua likikausha bustani na lengalenga ikawa ya kutafuta, mboga ya kuotesha haihitaji shamba wala mvua. Inataka chombo, kitambaa na maji safi.

Lakini tusidanganyane. Kikombe cha kunde kikiota kinajaza bakuli kubwa, na uzito ulioongezeka ni maji. Hii ni mboga. Haichukui nafasi ya bugali, na haimalizi njaa.

Namna tunavyofanya

Mara ya kwanza tuliharibu. Tuliziacha kunde ndani ya maji siku mbili, zikatoa harufu, tukamwaga. Sasa tunafuata hivi:

1. Chagua kunde nzima, ondoa zilizotobolewa, osha vizuri.
2. Loweka usiku mmoja katika maji yaliyochemshwa na kupoa.
3. Asubuhi mwaga maji yote. Weka kunde katika kikapu safi au kopo lililotobolewa chini, funika na kitambaa safi chenye unyevu, weka kivulini.
4. Suuza asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa, na uache yachuruzike yote. Punje inataka unyevu. Ikikaa ndani ya maji inaoza.
5. Siku ya pili au ya tatu, mkia ukifika urefu wa pingili ya kidole, chemsha mpaka ziive. Halafu kaanga na mawese, kitunguu na nyanya.

Kwa kimea cha mtoto, otesha mahindi siku tatu au nne, anika juani mpaka yakauke kabisa, pukuta mizizi na mikia, saga, tunza katika kopo kavu. Uji ukiiva, uepue. Ukipoa kidogo tia kijiko kidogo cha kimea, koroga, ngoja kama dakika kumi. Ukitiwa ungali unatokota, nguvu ya kimea inakufa. Ukishalainika, rudisha motoni uchemke dakika tano. Uji huu ni wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni ziwa la mama peke yake.

Mambo ambayo hatuyachezei

La kwanza: mbegu ya kugawiwa yenye rangi nyekundu, ya buluu au ya kijani ni ya udongo tu. Imetiwa dawa. Haioteshwi kwa kula, haipewi kuku, na kuiosha hakusaidii. Mwaka 1971 huko Iraki watu walipewa ngano ya kupanda iliyotiwa dawa ya zebaki. Wengine waliiosha, rangi ikatoka, wakafikiri sumu nayo imetoka. Wakaoka mikate. Watu zaidi ya 6,000 waliingia hospitalini, na zaidi ya 450 walikufa humo. Basi tuoteshe mavuno yetu wenyewe tu, tena yale ambayo hayakutiwa dawa ya wadudu.

La pili: tusile mbichi. Joto na unyevu vinavyootesha punje vinakuza pia vijidudu. Ujerumani, nchi yenye maji ya bomba na hospitali kila mahali, mwaka 2011 mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi ziliua watu zaidi ya 50. Sisi wa maji ya mto tutajilinda na nini kama si moto? Maharagi mekundu na soya ndiyo zaidi: hayajaiva sawasawa, yanaumiza tumbo.

La tatu: mtama tuuache. Mkia wake una sumu, jamaa na ile ya muhogo mchungu. Na kimea chenye ukungu hata kidogo kisifike kwa mtoto. Tunajua kwenye pipa watu hawaangalii sana. Kwenye uji lazima tuangalie.

Kwa wale wenye mashaka

Wazee wetu wanasema: mbegu ni ya kupanda, ukiila umekula mwaka kesho. Tunawaheshimu kwa neno hilo. Hatugusi gunia la mbegu. Tunachukua kikombe kimoja kutoka kwenye chakula ambacho kingeingia sufuriani vilevile. Tena kuotesha kunalinda shamba: hesabu punje 100 za mavuno yako, zioteshe katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 80, umejua mapema, kabla ya mvua za mwezi wa tisa, kwamba utahitaji kupanda nyingi zaidi au kutafuta nyingine.

Kina mama wanasema: kuni, maji na saa zetu zitatoka wapi? Swali ni la haki. Kwa hiyo tusimwachie mama mzigo peke yake. Baba anaweza kuchota maji, na mtoto wa shule anaweza kusuuza kunde asubuhi na jioni.

Wala hatumhukumu mama anayepika lutuku. Tunajua ada ya shule inatoka wapi. Tunamwomba kitu kidogo: siku akianika kimea, kabla ya pipa, achague kikombe kimoja kisafi kisicho na ukungu, akisage, akiweke pembeni. Kikombe kimoja hakipunguzi biashara yake. Kinatosha sufuria nyingi za uji.

Na tunaomba kila kamati ya ushirika, katika mkutano ujao, ilete kikapu kimoja cha kunde zilizoota na sufuria moja ya uji mzito. Tuonje pamoja. Uji ukilainika mbele ya macho ya baba wote, hatutahitaji maneno mengi.

Sisi Lusangi tumeshaloweka za juma hili.