Frateri, Panda, Tutabanana

Desemba iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, Kibirizi. Paroko akanituma nikakae siku chache katika kigango kimoja cha vijiji vya kaskazini, kule ambako ukitoka mwalo wetu unapita mbele ya Gombe na kuendelea kuelekea mpaka wa Burundi. Nilichelewa kufika mwaloni. Boti ilikuwa imeshajaa: watu, magunia ya unga, madumu, kreti za soda, godoro moja lililokunjwa na kufungwa kamba, na juu ya godoro watoto wawili. Nahodha aliponiona na msalaba wangu kifuani akaita, "Frateri, panda, tutabanana!" Watu wakasogea. Nikapanda.

Mama mmoja wa umri wa mama yangu, aliyelazimika kumpakata mjukuu wake ili nipate pa kukaa, akaniambia, "Frateri mwanangu, tuombee tufike." Nikaanza rozari. Tulipokuwa mbali kidogo na ufuko upepo ukaongezeka, maji yakaanza kurukia ndani, nami nikiwa katika fumbo la tatu nikatambua jambo ambalo halijaniacha hadi leo: mimi niliyekuwa namwomba Mungu boti isizame ndiye niliyeizidishia uzito. Maboya niliyaona. Yalikuwa machache, yamefungwa pamoja, chini ya magunia.

Tulifika salama, na kwa hiyo hakuna aliyeuliza kitu.

Nimeikumbuka safari ile kwa sababu ya habari inayotoka mbali sana na Tanganyika. Kule Ireland, uwanja wa ndege wa Dublin uliwekewa kikomo cha abiria milioni 32 kwa mwaka. Kikomo hicho kilitolewa mwaka 2007 kama sharti la kibali cha kujenga jengo la pili la abiria, na hofu kubwa wakati ule ilikuwa msongamano wa magari katika barabara za kwenda uwanjani. Miaka ikapita, safari za ndege zikaongezeka, njia mpya ya kurukia ikafunguliwa mwaka 2022, na mwaka 2024 abiria wakavuka idadi ile. Mashirika ya ndege, Ryanair na Aer Lingus yakiwa mbele, yanasema kikomo kinadidimiza biashara na utalii. Wapo wakazi wa jirani, waliochoshwa na kelele, wanaotaka kibaki. Mwishoni mwa 2024 Mahakama Kuu ya huko ilizuia kwa muda kikomo hicho kisitumike kupanga safari za kiangazi cha 2025.

Nilipoisimulia habari hii bwenini, rafiki yangu mmoja alicheka. "Wenzetu wana muda," alisema, "kwenda mahakamani kwa ajili ya hesabu ya abiria!" Mimi sikuweza kucheka. Mtu anayekwenda mahakamani kuipinga namba ni mtu ambaye namba hiyo inamzuia. Katika boti niliyopanda mimi hakuna namba iliyomzuia yeyote, kwa hiyo hapakuwa na kesi ya kufungua.

Tuelewane, kikomo cha Dublin na cha boti si kitu kimoja. Cha Dublin ni cha mipango miji. Ukikivuka, foleni inarefuka na jirani anakosa usingizi. Cha boti ni cha uzito na maji. Lakini chini yake lipo swali moja: je, wingi wa watu wanaotaka kusafiri unatosha kutuambia wangapi wapakiwe?

Sisi wa falsafa tuna bahati kwamba Aristotle mwenyewe alilitolea mfano wa meli. Katika Siasa, anapojadili mji unapaswa kuwa na ukubwa gani, anaeleza kwamba kila kitu kina kipimo kinachokiwezesha kufanya kazi yake. Chombo chenye urefu wa shubiri moja si meli, na chenye urefu wa stadia mbili, yaani zaidi ya mita 300, si meli pia. (Leo kuna meli za makontena za mita 400, na nadhani angefurahi kuziona, hoja yake hata hivyo iko palepale.) Kipimo si adui anayekizunguka kitu kutoka nje. Ni sehemu ya kitu chenyewe. Boti iliyopakiwa kupita uwezo wake haijawa boti inayobeba wengi zaidi, imeanza kuacha kuwa boti. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye tunamsoma hadi macho yanauma, anafundisha kwamba sheria ni kazi ya akili iliyoelekezwa kwenye manufaa ya wote. Anayehesabu vichwa pale gatini, hata kama ni kijana wa miaka ishirini mwenye kalamu ya kuazima, anafanya kazi ya akili kwa niaba yetu sote.

Nchi yetu imeshalilipia somo hili. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Uwezo wake ulikuwa watu 430. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili imebaki ya kubishaniwa kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliozikwa ni zaidi ya 220. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi hadi kwenye ziwa letu, boti ya MV Merdi ilizama mbele ya mwalo wa Kituku, Goma, watu waliokuja kuwapokea ndugu zao wakitazama.

Hiyo ya Goma ndiyo iliyonibadilisha mawazo, maana mwanzoni nilikuwa tayari kuandika makala ya kuwakemea manahodha na kuishia hapo. Kwa nini watu wale walijaa ndani ya boti moja? Kwa sababu vita ilikuwa imekata barabara ya kati ya Goma na Minova. Ziwa lilibaki ndiyo njia. Mtu ambaye hana njia nyingine haulizi chombo kina uwezo gani. Anauliza kinaondoka saa ngapi.

Na sisi wa Kibirizi tunalijua hilo bila kufundishwa. Vijiji vya ufuko wa kaskazini vimebanwa kati ya milima na maji, na kwa miaka mingi ziwa ndilo limekuwa barabara yao. Mgonjwa anakuja kwa boti, mwalimu anafuata mshahara kwa boti, dagaa na mawese vinakuja sokoni kwa boti, maiti inarudi nyumbani kwa boti. Ukimwambia mama wa kule, "Imejaa, subiri ya kesho," unampa gharama halisi: usiku mmoja mjini, chakula, mahali pa kulala, mtoto aliyeachwa kwa jirani. Wanaotetea vikomo mara nyingi ni watu ambao wakikosa safari moja wanapata nyingine.

Mwaka 2015 tuliliona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Wakimbizi kutoka Burundi walifika Kagunga, kijiji kidogo cha mpakani, hadi wakazidi 50,000. MV Liemba, meli ile ile iliyounganishwa Kigoma mwaka 1915 na Wajerumani, ikatumwa kuwachukua. Ilibeba watu wapatao 600 kwa safari. Boti ndogo ziliwatoa ufukweni na kuwapeleka hadi melini, kwa kuwa haikuweza kutia nanga ukingoni. Kipindupindu kikaingia, watu wapatao 30 wakafa katika mlipuko huo. Sasa fikiri uko pale ufukweni na mwanao anaharisha, na unaambiwa watu 600 wametimia. Kikomo kiliwalinda waliopanda. Waliobaki chini hawakuhitaji mahubiri juu ya kipimo, walihitaji meli irudi. Na ilirudi, tena na tena, hadi watu wakaondolewa.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Asiyeruhusu boti ijazwe kupita kiasi ana wajibu wa pili papo hapo: kuhakikisha kuna safari nyingine. Kikomo peke yake ni mzigo anaotwishwa maskini. Safari nyingi zisizo na kikomo nazo ni makaburi. Gati jipya la Kibirizi ni jambo jema, na nashukuru kila ninapoona akina mama hawakanyagi tena maji hadi kiunoni na mizigo kichwani. Lakini gati haliongezi kiti hata kimoja ndani ya boti. Linafupisha tu muda wa kuijaza.

Tazama upande wa pili wa mji wetu. Ndege ya Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ina viti 76. Abiria wa 77 hapandi, hata awe askofu, na hakuna anayemwambia rubani "tutabanana". Uwanja wa Kigoma umo katika mradi wa upanuzi pamoja na Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ili ndege zaidi na kubwa zaidi zitue. Yaani kwa abiria wa ndege tumekubali kanuni yote mbili: viti havizidi, na wakizidi watu tunaongeza uwezo. Kila mmoja jina lake limeandikwa na begi lake limepimwa. Kwa abiria wa boti, ambao ni wengi na nauli yao ni ndogo, tumeona inatosha kusogea kidogo.

Sitaki kuiachia serikali peke yake. Ni nani hujaza boti kuliko wote? Sisi. Kwaya inakwenda kuzindua kigango: boti moja, ngoma, kinanda, jenereta, spika mbili, na jumuiya nzima iliyoamua asubuhi ile kwamba nayo inakwenda. Msiba, harusi, hija, ziara ya WAWATA. Nimekuwa kwenye safari hizo tangu nikiwa mtumishi wa altare, na sikumbuki hata mara moja ambapo mtu alisimama na karatasi akaandika majina. Ni ajabu kidogo. Kanisa hili lina daftari la ubatizo ambalo mtoto wa siku nane anaandikwa jina lake, la wazazi na la msimamizi, na miaka 80 baadaye bado unalikuta. Tunajua kuandika majina. Tukifika ufukweni tunasahau.

Naomba basi parokia za ufukoni zifanye mambo ambayo hayahitaji waraka kutoka jimboni. Tukodi boti kwa idadi, si kwa ukubwa wa hamu. Orodha ibaki nchi kavu kwa mwenyekiti wa kigango. Maboya yatolewe chini ya magunia kabla ya sala ya safari. Na ikibidi mtu ashuke, ashuke frateri au padre kwanza, maana tukishuka sisi nahodha atapata nguvu ya kumshusha mwingine. Siku ile kama ningesema, "Hapana kaka, imejaa, nitakuja kesho," labda kijana aliyepanda baada yangu angeona aibu. Maana yupo aliyepanda baada yangu. Wawili.

Wapo watakaosema kijana wa falsafa asiye na hata baiskeli anajuaje gharama za kukodi boti mbili. Nilizijua wiki iliyopita. Kwaya ya nyumbani inajiandaa kwa safari ya Pasaka, watu 64 wamejiandikisha, na boti waliyoizoea imeruhusiwa 40. Nimempigia simu mwenyekiti, mzee wangu ninayemheshimu, nikamwomba waende kwa boti mbili au waende kwa awamu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza mafuta ya boti ya pili atalipa nani, na kama mimi nitakuwa tayari kuwaambia sauti ya tatu kwamba wao ndio watakaobaki kusubiri awamu ya pili. Nimesema nitakuja mwenyewe kuwaambia.