Mizinga ya Ngomeni na Mabega Yaliyoikokota

Mizinga iliyoko Ngomeni, hapa Mombasa, ni mingi, na wageni wengi huipita yote kwa jicho moja wakidhani ni ya Wareno. Lakini miongoni mwake imo miwili ambayo si ya zama za Wareno wala za Mazrui. Miwili hiyo ni ya Vita Vikuu vya Kwanza, vile ambavyo wazee wetu wakiviita Vita vya Mjarumani. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na wa pili ulitoka katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus.

Nataka leo kuizungumzia mizinga hiyo miwili kwa sababu moja. Siku hizi, duniani kote, kazi ya kuvifufua vyombo vya vita vya zamani na kuviweka katika majumba ya makumbusho imekuwa kazi yenye mafundi wake na wapenzi wake. Ni kazi njema. Lakini chuma kikisafishwa, kikapakwa rangi, kikang'aa, huku watu waliokibeba chuma hicho hawatajwi, basi mimi nasema kazi imefanywa nusu.

Kwanza tujikumbushe kisa chenyewe. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ili mitambo yake itengenezwe. Königsberg ikaikuta hapo na kuipiga mizinga, na kwa muda usiotimia saa moja Pegasus ilikuwa haifai tena. Siku hiyo hiyo ikazama. Wakafa mabaharia zaidi ya 30. Baada ya hapo Königsberg, nayo mitambo ikiwa mibovu, ikaenda kujificha katika mikono ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Waingereza wakaizingira miezi mingi mpaka Julai 11, 1915, ilipopigwa na mwisho ikazamishwa na nahodha wake mwenyewe.

Ingedhaniwa kwamba mambo yangeishia hapo, lakini hayakuisha. Manowari ile ilikuwa na mizinga kumi mikubwa. Wajerumani waliiopoa yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam, mafundi wakaiundia magurudumu, na mizinga iliyoundwa kwa ajili ya bahari ikaenda kupigana bara. Waingereza nao wakafanya vivyo hivyo kwa mizinga ya Pegasus. Kati ya ile kumi ya Königsberg, inayojulikana kusalia ni mitatu tu: mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja, na mmoja ndio huu wetu wa Mombasa. Aliyezamisha na aliyezamishwa wamesimama leo pamoja pale Ngomeni, na wala hawana ugomvi.

Sasa tutazame kazi ya kukitunza chuma namna hiyo. Sisi wakazi wa pwani hatuhitaji kufundishwa ubaya wa upepo wa bahari. Kila mwenye dirisha la nondo linalokabili bahari anajua. Chumvi huingia katika vinyweleo vya chuma ikakaa humo, na hata ukikipaka rangi juu, chini kutu inaendelea kula kama mchwa ndani ya boriti. Kwa hiyo fundi wa makumbusho haanzi na brashi ya rangi. Anaanza kwa kuitoa chumvi.

Na elimu hiyo haikuwa ngeni Mombasa. Mwaka 1977 wapiga mbizi na wataalamu walianza kuichimbua merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 chini ya Ngome wakati Waarabu wa Omani walipoizingira. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1980, na vyombo vilivyotolewa majini vikatunzwa humo humo Ngomeni. Chuma kilicholala baharini karne nzima au zaidi hakiwezi kuanikwa juani tu. Kikikauka ovyo hupasuka na kumomonyoka. Hutiwa katika maji yenye dawa, na mara nyingine hupitishiwa umeme mdogo kwa miezi au miaka, mpaka chumvi itoke. Ndipo kikaushwe, kipakwe nta au dawa ya kuzuia kutu. Ni kazi inayotaka subira.

Jambo la pili ambalo fundi mwema hulichunga ni alama. Mzinga una namba zilizogongwa, una mihuri ya kiwanda, una mikwaruzo na matundu ya risasi. Mtu mwenye haraka atachukua msasa au kupuliza mchanga kwa nguvu, chuma kiwe cheupe kama sufuria mpya, na hapo atakuwa amefuta maandishi ambayo hayataandikwa tena. Kovu la mzinga ni ushahidi wake.

Huko Uingereza, katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, kuna kifaru cha Kijerumani aina ya Tiger, namba 131, kilichotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943. Mafundi walikifanyia kazi miaka mingi hadi kikaweza kutembea tena kwa injini, na watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kukiona kikizunguka uwanjani. Siku za namna hiyo huwapo pia watu waliovaa sare za zamani, wakapiga hema, wakapika kama walivyopika askari, wakaigiza maisha ya vitani. Wenyewe huona kwamba hiyo ni historia iliyo hai. Hata hivyo, wataalamu wanaovitunza vyombo hivyo hubishana: kila chombo kinapotembezwa, vipuri vya asili huchakaa na kubadilishwa, na mwisho watu watakuwa wanatazama chombo kipya chenye jina la zamani. Hoja hiyo ina uzito. Na katika maonyesho ya namna hiyo mimi naona hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni vita kugeuka ngoma ya kufurahisha watoto.

Karibu nasi uko mfano wa kupendeza. Meli Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa na Wajerumani kwa jina la Graf von Goetzen, na ilipokuwa ya vita ilifungwa mzinga mmoja wa Königsberg hii hii. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi wake wakaipaka kwanza mitambo grisi nyingi. Mwaka 1924 iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria, na ikaendelea hivyo miaka mingi mno. Huo ndio ufufuo wa chombo cha vita uliowafaa watu.

Lakini turudi kwenye mizinga yetu, tuulize swali ambalo halijibiwi na nta wala grisi. Mizinga hiyo ilifikaje bara? Barabara za motokaa zilikuwa haba, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Ilikokotwa kwa kamba na mamia ya watu, katika matope ya masika, milimani na porini. Na risasi zake, na unga, na hema, na vitanda vya maofisa, vilikwenda juu ya vichwa na mabega. Hao ndio wapagazi, waliotwaliwa kwa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu. Jeshi lao upande wa Waingereza liliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifanya Kariakoo. Jina hilo limebaki sokoni Dar es Salaam, na Nairobi likabaki Kariokor. Wangapi katika wanunuzi wa ndizi na mitumba wanajua kwamba wanataja jina la jeshi?

Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja wapagazi waliokufa upande wao kuwa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi ya kweli ilipita hapo. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, na posho ya unga ambao matumbo yao hayakuuzoea na haukupata moto wa kutosha. Walizikwa njiani, na wengine hawakuzikwa.

Hapo ndipo moyo wangu huuma. Mabaharia wa Pegasus waliokufa Unguja wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani, nayo yanajulikana na kutunzwa. Ni haki yao, na hatuwaonei choyo. Lakini mpagazi wa Digo, wa Giriama, wa Mrima au wa Unyamwezi, aliyekufa katika vita hivyo hivyo, kaburi lake liko wapi? Mwezi Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi imesikika. Sasa kazi imebaki kwetu.

Sisi Waislamu wa pwani tuna sababu ya ziada. Mwezi Novemba 1914 dola ya Uthmaniya ilitangaza jihadi, na Wajerumani wakaeneza tangazo hilo huku kwetu ili Waislamu wawaasi Waingereza. Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, yeye akawataka raia wake wasimame na Waingereza. Askari Waislamu wakawa upande huu na upande ule, kila mmoja akiambiwa kwamba wake ndio wa haki. Hapa Mombasa kiliundwa kikosi kilichoitwa Arab Rifles, chini ya Mwingereza Arthur Wavell, ambaye miaka michache nyuma alikuwa amekwenda Makka kwa kujifanya Mzanzibari. Aliuawa Mwele mwezi Januari 1916. Nguzo ya ukumbusho wake iko karibu na Ngome. Jina lake tunalijua. Vijana wa Mvita waliopigana chini yake, wangapi tunaweza kuwataja?

Wako watakaosema kwamba vyuma hivi ni masalio ya ukoloni, na heri vikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Naielewa hasira yao, lakini sikubaliani nao. Ukiuondoa mzinga utakuwa umeuondoa ushahidi, na mwenye kudai haki hatupi ushahidi wake. Dini yetu imetufunza kuyatazama masalio ya waliotangulia ili tupate ibra. Mzinga unaotazamwa kwa ibra hautukuzi vita.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, kazi ya kuitunza mizinga hiyo iwe ya mafundi waliofunzwa na vijana wetu wajifunze papo hapo, kwani Mombasa ina wahunzi na waunda vyombo ambao mikono yao inakijua chuma na mbao. Pili, kibao chochote kitakachowekwa kisitaje manowari na manahodha peke yao. Kitaje na waliokokota, kwa Kiswahili kizuri, na kwa Kiarabu pia.

Tatu, ikiwa tutakuwa na siku ya kuihuisha historia hiyo, isiwe siku ya fataki na sare za kupendeza. Na wachukuliwe wanafunzi, kila mmoja apewe mzigo wa ratili 50, nao ndio uliokaribia mzigo wa mpagazi, atembee nao kutoka Makupa hadi Ngomeni. Wakifika wamechoka, waketi chini ya mzinga wasomewe habari za wale waliotembea hivyo miezi na miaka. Kisha isomwe dua. Somo hilo hawatalisahau.

Nne, na hili halingoji serikali wala makumbusho: kila nyumba iulize. Waliokwenda vita hivyo hawapo tena, lakini wajukuu wao wapo, nao ni wazee sasa. Wengine wana barua, wengine wana nishani iliyofichwa ndani ya sanduku, wengine wana jina tu na habari kwamba babu alikwenda Kariakoo asirudi. Jina hilo liandikwe, na mahali alikotoka, na aliyelisimulia. Kisha lipelekwe Ngomeni likahifadhiwe.

Chuma kina mafundi wa kukitunza, na kutu yake ina dawa. Wazee hawa wakituaga kabla hatujawauliza, hakuna fundi atakayeweza kuyafufua majina hayo.