Afukuzwaye Mezani ni Nani?

Jioni moja barazani kwetu, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja alituonyesha kwenye simu yake mtu akiondolewa katika meza ya kamari huko Las Vegas, Marekani. Hakuwa amelewa, wala hakumtukana mtu. Kosa lake alikuwa akishinda. Msimamizi alimgusa bega akamwambia kwa upole kwamba anakaribishwa kucheza michezo yote mingine, ila ule wa ishirini na moja, uitwao blakijeki, basi. Baraza ikagawanyika. Wengine wakasema kadhulumiwa. Wengine wakacheka, wakasema mcheza kamari atadai haki gani? Mimi nilinyamaza, lakini jambo lile halikunitoka moyoni, na leo naomba nafasi nitoe langu.

Kwanza ndugu msomaji aelewe kwa nini mshindi afukuzwe. Katika ishirini na moja, karata zilizokwisha toka hazirudi mpaka zichanganywe upya. Zikitoka ndogo nyingi, zilizobaki huwa ni za ree, makumi na picha kwa wingi, na hizo humfaa mchezaji kuliko mwenye nyumba. Mwaka 1962 mwalimu wa hesabu wa Kimarekani, Edward Thorp, alitoa kitabu chake Beat the Dealer, akaonyesha kwamba mwenye kuhesabu karata aweza kuishinda kasino. Hafichi karata ndani ya mkono wa kanzu. Atumia kichwa chake tu. Faida yenyewe ni ndogo, yapata shilingi moja katika kila mia, tena kwa mwenye subira. Kwa shilingi hiyo moja mtu huguswa bega.

Sheria nayo? Katika jimbo la Nevada kasino ni mali ya mtu, na mwenyewe aweza kumkataa mteja. Mchezaji mmoja mashuhuri, Ken Uston, alipozuiwa Atlantic City alikwenda mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumtoa kwa sababu tu anajua kuhesabu. Wenye kasino hawakukosa dawa: wakaongeza karata mezani, wakawa wanazichanganya mapema, hesabu ikavurugika.

Basi aliyeambiwa aondoke afanyeje? Waliozoea husema usibishane wala usipandishe sauti. Kusanya vile vibao vya rangi vitumikavyo badala ya fedha, kabadilishe dirishani, toka, wala usirudi, kwani huko Nevada aliyekatazwa akirudi aweza kushitakiwa. Mimi naona ushauri huu si mgeni kwetu. Sura ya An-Nur imetufunza adabu ya mlangoni, kwamba tukiambiwa turudi, turudi. (Sisemi kasino ni nyumba ya kupigiwa hodi, nasema adabu ni adabu.)

Nami jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mhudumu wa hoteli moja kaskazini mwa Mombasa iliyokuwa na ukumbi wa kamari. Msiniulize nilitafuta nini mle. Nilikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba. Usiku mmoja mzee wa Kizungu, aliyekuwa akinywa maji matupu tangu magharibi, aliinamiwa na msimamizi akanong'onezwa. Akatikisa kichwa kukubali, akakusanya vyake, akanipa bakshishi, akaenda zake kulala. Hata kiti hakikulia.

Meza ya pili alikaa mtu wa mtaani kwetu, mvuvi, ambaye nikimkuta njiani humwamkia shikamoo. Alikuwa ameuza mashine ya mashua yake siku ile ile. Nilizitazama fedha zikipungua kila nilipopita na sinia. Zilipokwisha akatoka, akarudi na nyingine, sijui za nani. Huyo hakuna aliyemgusa bega. Hakuna aliyemwambia, "Mzee, usiku umekwenda, rudi kwa watoto." Alivutiwa kiti kizuri zaidi, akaletewa soda asiyoagiza, ya bure, na aliyetumwa kumpelekea ni mimi.

Kwa hiyo nawapinga wenzangu wa barazani. Yule wa Las Vegas hakudhulumiwa. Tena katika ukumbi mzima ndiye pekee aliyeambiwa kweli. Ukitaka kuijua nyumba ya kamari usimtazame inayemtoa, watazame inaowabembeleza wabaki. Wanazuoni wametosha kutueleza uharamu wake, nami si mwanachuoni. Mimi nasema ya mbeba sinia. Na siku hizi ukumbi umehamia mfukoni. Mvuvi yule ilimbidi apande matatu kuifuata hasara yake. Kijana wa leo huikuta kwenye simu, amelala kitandani, saa nane za usiku, wala simu haichoki kumkaribisha.

Asubuhi yake nilimkuta mzee yule ufukweni akisaidia kuvuta jarife la mwenzake ili apate kitoweo. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akaniuliza hali ya watoto. Habari ya ile soda hatukuitaja, wala hatukupata kuitaja mpaka alipofariki.