Msichome Picha ya Mamba Muntu

Wako Wakristo wa Kolwezi wasemao kwamba mwenye picha ya Mamba Muntu sebuleni ni mshirikina, na picha yake itupwe motoni. Mimi nakataa.

Picha yenyewe twaijua: mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki (jina lataja mamba, lakini tuache hayo) amekaa ukingoni mwa maji. Husimuliwa kwamba apataye unywele wake atajirika, lakini sharti afunge kinywa. Katika miaka ya 1970 picha za namna hii zilijaa katika nyumba za wafanyakazi wa Katanga, nazo zimechorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Wenyewe waliziita ukumbusho.

Ukumbusho, si pambo! Itazameni ile nyingine iitwayo «Colonie belge»: bendera, gereza, mtu akipigwa viboko. Mtoto aona viboko tu. Babu yake hukohoa, hunyamaza, kisha husimulia mambo ambayo hayakuchorwa. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alipompa Johannes Fabian picha 101 za historia ya nchi, mwaka 1973 na 1974, alizieleza kwa Kiswahili, moja moja, kwa kuwa rangi peke yake hazisemi yote.

Na Mamba Muntu je? Mfikirini mchimbaji wa mkono wa Mutoshi. Mwaka 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000 katika soko la London. Mwaka 2019 ilishuka chini ya 35,000. Jiwe lile lile, jasho lile lile. Aliyeipunguza bei hakuonekana shimoni. Wakati huo huo jirani yake apandisha ghorofa, wala hakuna amwulizaye fedha zimetoka wapi. Basi mchimbaji huyo akimtazama mwanamke wa majini, je, yu mjinga? Hasha! Amekwisha kufahamu kwamba kuna utajiri ambao asili yake imefichwa, na ada yake ni kunyamaza.

Akiisujudia picha, aonywe. Hapo sina ubishi. Lakini kuogopa picha kwa kuwa yaelekeza kwa kisichoonekana, hayo si ya Mkatoliki. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulikwisha kufundisha kwamba heshima ipewayo sanamu humwendea yule aliyechorwa, si ubao wala rangi. Mbona kanisani twalijua hilo, tukifika kwa jirani twalisahau?

Kabla ya kuwasha kiberiti, mwulizeni mwenye nyumba picha hiyo yamkumbusha nani. Wala msishangae akimtaja mtu akaaye benchi la mbele kila Dominika.